Mti ni wa Nani? Barabara, Ardhi na Lawama Ufipa

Kando ya barabara kuu mojawapo itokayo Sumbawanga kulikuwa na mkaratusi uliopandwa na mzee mmoja wa ukoo wetu. Msimu mmoja wa mvua uliangukia bodaboda, na dereva akavunjika mguu. Mzee aliitwa kwa mtendaji wa kijiji, akaulizwa atalipa nini. Alijibu: "Niliupanda mimi, lakini mlipopima barabara mliniambia hapo si pangu tena."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya jibu lile.

Ufipa ni uwanda wa nyasi. Wahenga wetu walilima matuta na kuyeyusha chuma kwa mkaa katika tanuri refu za udongo. Mkaratusi ni mgeni kutoka Australia. Mzee aliupanda zama za kampeni ya Misitu ni Mali, iliyoanza 1980, wakati kupanda mti kulihesabiwa kuwa uzalendo.

Sheria ya lawama nayo ni ya kigeni. Tanganyika ilipokea sheria ya mazoea ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Msingi wake ni uzembe: je, mwenye ardhi alijua, au alipaswa kujua, kwamba mti ni hatari? Katika shauri la Noble dhidi ya Harrison, 1926, tawi lililoning'inia juu ya barabara ya Uingereza lilikatika na kuharibu gari la abiria. Mwenye shamba hakuwajibishwa, kwa kuwa ufa haukuonekana kwa macho. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, ila yaweza kuzishawishi.

Kanuni hiyo inamdhania mtu mmoja mwenye ardhi, mwenye macho na mwenye shoka. Kwetu mtu huyo yuko wapi? Sheria ya 1923 iliiweka ardhi chini ya Gavana. Zile za 1999 zikamkabidhi Rais kama mdhamini, mwananchi akabaki na haki ya kuitumia. Kisha hifadhi ya barabara kuu, iliyokuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati, ikapanuliwa kuwa mita 30 chini ya Sheria ya Barabara ya 2007. Ndipo tukajifunza kutofautisha waliofuata barabara na waliofuatwa na barabara: nyumba za wa kwanza zikapigwa X nyekundu, bila fidia, za wa pili X ya kijani. Mti wa mzee haukupewa hata rangi.

Aliambiwa asiukate bila idhini. Baadaye mtaro ukachimbwa hatua chache kutoka kwenye shina, na mizizi ya upande mmoja ikakatwa. Mizizi mingi ya mti hukaa karibu na uso wa ardhi. Ikikatwa upande mmoja, upepo humaliza kazi. Kwa kipimo cha uzembe, aliyechimba ndiye aliyepaswa kujua.

Lakini kuishtaki Serikali kunataka notisi ya siku 90, tena ndani ya miaka 3 ya kuumia, na kijana mwenye mguu uliofungwa plasta anahitaji fedha wiki hii. Wazee wakakaa, wakapatana. Mzee alitoa ng'ombe mmoja.

Niliomba kuona daftari la kijiji. Tukio limeandikwa: tarehe, pikipiki, ng'ombe. Mtaro haumo. Mzee anasema alikuwa ametoa taarifa mara mbili kwamba mti umeanza kuinama, mara zote mbili kwa mdomo.