Hodi Isiyojibiwa: Historia Fupi ya Mchezo Unaokataa Kufunguka

Mwishoni mwa muhula uliopita, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikuja ofisini kwangu akiwa na kompyuta mpakato na malalamiko. Yeye na wenzake walikuwa wameunda mchezo wa bao unaochezwa mtandaoni na watu wawili, kila mmoja akiwa mahali pake. Mashimo 32 yalikuwa sahihi, kete 64 zilihesabiwa bila kosa, na kanuni za namua na mtaji zilifuatwa. Bwenini, kompyuta mbili zikiwa kwenye ruta moja, mchezo ulikwenda vizuri. Mwenzao aliyekuwa Mwanza alipojaribu kujiunga, aliambulia sentensi moja tu kwenye kioo: muunganisho umeshindikana. Walihangaika nao kwa wiki mbili.

Kilichomleta kwa mwalimu wa siasa na historia si utaalamu wangu wa kompyuta, ambao ni mdogo. Alikuwa amesikia kwamba miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati iliyopendekeza michezo yote izuiwe katika mtandao wa chuo. Alitaka kujua kama tatizo lake lilitokana na sisi. Nilimwomba siku chache nitafute jibu. Nilichokipata ni historia ambayo, kwa maoni yangu, inawahusu hata wale wasiowahi kugusa mchezo wa kompyuta.

Michezo ya aina hii ilizaliwa chuoni. Mwaka 1978, Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kuandika mchezo wa maneno matupu ulioitwa MUD, ambao baadaye uliendelezwa na mwenzake, Richard Bartle. Wachezaji wengi waliingia katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja. Watu wa nje waliruhusiwa kujiunga, lakini usiku wa manane tu, wakati kompyuta ya chuo haikuwa na kazi nyingine. Kwa hiyo tangu mwanzo, swali la nani aingie mchezoni na saa ngapi liliamuliwa na mwenye mashine.

Miaka 15 baadaye vyuo vilikutana na mchezo wa namna nyingine. Tarehe 10 Desemba 1993, kampuni ya id Software ilikusudia kuuweka mchezo wake wa Doom katika seva ya Chuo Kikuu cha Wisconsin ili watu waupakue. Watu waliokuwa wakiusubiri walikuwa wameijaza seva hiyo kiasi kwamba watengenezaji wenyewe walikosa nafasi ya kuingia. Na mchezo ulipopatikana, kikaja kisa cha pili. Toleo la kwanza la Doom lilipochezwa na watu kadhaa lilituma kila taarifa kwa kompyuta zote zilizokuwa kwenye mtandao husika, hata zile zisizohusika na mchezo. Mitandao ya ofisi na vyuo ilizidiwa. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilikuwa miongoni mwa waliotoa katazo mara moja. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika matoleo yaliyofuata, lakini desturi ya kuzuia ilibaki. Nilipoisoma habari hii niliitambua kamati yetu. Tulirithi katazo bila kurithi sababu yake.

Hata hivyo, katazo letu halikuwa chanzo pekee cha tatizo la kijana yule, na nilifarijika kidogo kulijua hilo. Kuna jambo kubwa zaidi, nalo ni uhaba wa anwani.

Kila kompyuta inayotaka kufikiwa kwenye intaneti inahitaji anwani ya namba. Mfumo wa anwani uliowekwa mwaka 1981 una nafasi kwa anwani zipatazo bilioni 4.3, na wakati ule hakuna aliyedhani zingeisha. Ziligawiwa kwa mkono mlegevu. Chuo cha MIT cha Marekani peke yake kilipata fungu lenye anwani zaidi ya milioni 16. Afrika ilikuja kupata shirika lake la kugawa anwani, AFRINIC, lenye makao Mauritius, ambalo lilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kwa kanda tarehe 3 Februari 2011. Tulifika kwenye karamu sufuria zikiwa zinakwanguliwa.

Dawa iliyobuniwa mwaka 1994, ikikusudiwa kuwa ya muda tu, ilikuwa kuwaweka watu wengi nyuma ya anwani moja. Msomaji aliyesoma shule ya bweni ataielewa haraka. Shule ilikuwa na sanduku moja la posta kwa wanafunzi mia kadhaa. Ulipomwandikia mtu, majibu yake yalikufikia, maana yaliandikwa jina lako na mwalimu wa zamu alijua pa kuyapeleka. Lakini barua iliyoandikwa S.L.P. ya shule tu, bila jina, haikumfikia mtu. Ndivyo inavyofanya kazi ruta ya nyumbani, na ndivyo kampuni za simu zinavyofanya kwa kiwango kikubwa zaidi, zikiwaweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache. Ukifungua tovuti, wewe ndiye uliyeandika barua ya kwanza, na jibu linarudi. Ukitaka kuwa mwenyeji wa mchezo, ni mgeni anayekuandikia kwanza, na barua yake haina wa kuipokea.

Wanafunzi wale walikuwa katika hali hiyo hasa. Mmoja alitumia bando la simu Dar es Salaam, mwingine bando la simu Mwanza. Wote wawili walikuwa nyuma ya sanduku la pamoja, na hakuna aliyeweza kumkaribisha mwenzake. Kulijua hilo hakuhitaji shahada. Kwanza hakikisheni wote mna toleo moja la mchezo. Kisha jaribuni kwenye ruta moja, na ukikubali hapo, programu haina kosa kubwa. Jaribuni tena kupitia mtandao mwingine. Mwisho, linganisheni anwani inayoonekana ndani ya ruta yenu na ile ambayo tovuti ya nje inaiona. Zikitofautiana, na hasa ile ya ndani ikiwa imeanza na 100.64 hadi 100.127, fungu lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, basi mko nyuma ya sanduku la kampuni, na kubonyeza kitu chochote kwenye kompyuta zenu hakutasaidia.

Nilipotaka kujua wengine wanafanyaje, nilikutana na suala la umbali. Wakati intaneti yetu ilitegemea setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu ya ardhi, taarifa kwenda na majibu kurudi ilichukua zaidi ya nusu sekunde. Kwa barua pepe hilo si neno, lakini kwa mchezo wa kulenga shabaha umekwisha kuuawa kabla hujamwona adui. Mikongo ya baharini ilibadili hali: SEACOM ilianza kazi Julai 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Lakini mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na hakuna waziri wala mhandisi awezaye kuuhimiza. Mnamo mwaka 1996, John Carmack wa id Software aliufanyia marekebisho mchezo wa Quake ili kompyuta ya mchezaji ikisie matokeo ya hatua zake bila kusubiri seva, na mbinu hiyo bado inatumika. Inaficha umbali, haiuondoi. Na tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, hata wasiojua michezo walielewa jinsi nyuzi hizo zilivyo chache.

Njia ambayo ulimwengu umeichagua ni kumweka mwenyeji mmoja mkubwa katikati, yaani seva ya kampuni, ambayo wote wawili wanaiandikia barua ya kwanza. Njia hii hufanya kazi, ila hodi inahamia kwa mtu mwingine. Machi 2013, mchezo wa SimCity ulitoka ukimlazimu mchezaji aliyetaka kujenga mji wake peke yake aunganishwe na seva ya kampuni. Seva zilizidiwa, na watu waliokwisha kulipa walikaa siku kadhaa nje ya mlango. Mwaka mmoja baadaye kampuni hiyohiyo ilitoa njia ya kuucheza bila intaneti. Kisha tarehe 31 Machi 2024, Ubisoft ilizima seva za mchezo wa magari uitwao The Crew, uliotoka mwaka 2014, nao haukuchezeka tena hata kwa walioununua. Wachezaji hawakunyamaza. Kampeni ya Stop Killing Games ilianza mwaka huohuo, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limevuka saini milioni moja.

Ninawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa wasiipuuze habari hiyo kwa kuwa inahusu michezo. Mifumo yetu ya malipo, usajili na masomo inazidi kuhamia katika mashine tusizozimiliki, kwa mikataba ambayo wachache wameisoma. Mchezo ukizimwa, kijana anakosa burudani. Mfumo wa usajili wa shule ukizimwa, hasara yake haitapimwa kwa saini.

Vijana wa bao wamekodi seva Ulaya. Kadi ya benki iliyolipia ni ya ndugu wa mmoja wao, kwa kuwa wao hawana inayokubaliwa. Kete ikichezwa Dar es Salaam inavuka bahari, inafika Ulaya, kisha inarudi hadi Mwanza. Katika bao mchezaji hufikiri, hivyo kuchelewa hakusumbui. Kinachosumbua ni kwamba mwezi ambao ndugu huyo hatakuwa na salio, bao litafungwa.

Chuo chetu kina anwani za umma na kina mashine zinazokaa bila kazi usiku kucha, kama ile ya Essex. Seva ya bao ingeweza kuwekwa hapa. Inazuiwa na kanuni ambayo kamati yetu iliipendekeza, ya kufunga milango yote ya mtandao isipokuwa ile ya tovuti, na hapo ndipo nilipolazimika kumjibu mwanafunzi wangu kwamba, ndiyo, sehemu ya tatizo lake ni sisi. Tulidhani tunazuia wavivu. Tulimzuia pia yeyote anayetaka kukaribisha wengine badala ya kuwa mgeni siku zote.

Nimeiandikia kamati kuomba mambo mawili: mashine moja kwa kazi za wanafunzi, na milango ifunguliwe kwa maombi yenye sababu, badala ya kufungwa kwa wote bila kuulizwa. Sijajibiwa bado. Nilipendekeza katazo kwa sahihi yangu, na nimeomba liondolewe kwa sahihi hiyohiyo. Jibu likija, zuri au baya, nitaliweka hapa.