Makuli wa Mombasa na Faida ya Chama

Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma: makuli wa bandarini, watu wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa majumbani. Tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bei ya chakula na kodi za vyumba zilikuwa zikipanda, na mshahara haukuzifikia. Chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa hawakuwa nacho. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira walioubandika jina la Kiwanja cha Maskini, na humo kikazaliwa chombo chao, Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika, ambalo Chege Kibachia aliliongoza. Mgomo ulipokwisha, baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker liliongeza mishahara. Hapo ndipo wanaoutilia shaka uanachama hupata hoja yao kubwa: ikiwa umati usio na kadi wala ada ulipata nyongeza, chama ni cha kazi gani? Hoja hiyo haitazami yaliyofuata. Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa akapelekwa kizuizini Baringo, na shirikisho likavunjika nguvu. Nyongeza ile ilikuwa imetolewa na baraza lililoundwa na serikali; bei zilipopanda tena, hapakuwa na mtu aliyetambulika mwenye haki ya kukaa na waajiri na kudai hesabu ipigwe upya.

Machi 1955 makuli waligoma tena, na kusema kweli hata safari hii mgomo haukuanzishwa na viongozi wa chama. Tofauti ni kwamba sasa chama kilikuwapo, na nyuma yake lilikuwapo shirikisho la vyama la nchi nzima. Katibu wa shirikisho hilo, Tom Mboya, alishuka kutoka Nairobi, akawashawishi watu warudi kazini, akaibeba kesi yao hadi mbele ya baraza la usuluhishi. Wakapata nyongeza ya asilimia 33. Wapo watakaosema aliyelipa ni bandari yenyewe, kwa kuwa meli iliyotia nanga bila kupakuliwa humla mwenyewe fedha kila siku, na mizigo ya Kenya na Uganda ilipita hapo. Ni kweli, nguvu hiyo haikuumbwa na chama. Lakini mwaka 1947 nguvu ni ileile, gati ni zilezile. Kilichoongezeka ni mtu wa kuigeuza kuwa madai yanayoandikwa, yanayotiwa saini, na yanayoweza kufunguliwa tena mkataba unapokwisha.

Lawama iliyo nzito zaidi ni ya vibarua. Katika miaka hiyohiyo ya 1950, kazi ya kutwa ilibanwa: makuli wakasajiliwa, na asiyekuwamo kwenye orodha hakuweza tena kujitokeza asubuhi getini akabeba magunia, akalipwa jioni. Waajiri na serikali ndio waliousukuma mpango huo, tangu kabla chama hakijapata nguvu, maana waliogopa umati usiofungwa na ajira ya kudumu. Hata hivyo mishahara iliyopanda iliwapa sababu zaidi ya kutaka watu wachache wanaofanya kazi kila siku. Kwa hiyo asilimia 33 ile isomwe pamoja na hasara ya yule aliyeachwa nje ya orodha, ambaye chama cha makuli hakikuwa na njia ya kumsemea.