Ufundi Ukivuka Mpaka: Habari ya Mantapala

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa kila inapozungumzwa habari ya wakimbizi, na ni methali ya haki, maana yamheshimu mgeni kwa kumhesabu kuwa ni mtu awezaye kazi. Lakini jembe lina mpini, na mpini huchongwa. Mkulima huvaa nguo, na nguo hushonwa. Basi mgeni ambaye kwao alikuwa seremala, mshonaji, mwashi au mhunzi, siku ya tatu apewe nini?

Swali hilo limejitokeza wazi huko Mantapala. Mantapala ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini ya Zambia, katika nchi ya Ziwa Mweru. Kuanzia mwezi wa Agosti 2017 maelfu ya raia wa Kongo walivuka mpaka wakikimbia mapigano katika majimbo ya Katanga ya Juu na Tanganyika. Walipokewa kwanza katika kituo cha Kenani, na mwezi wa Januari 2018 Serikali ya Zambia, ikishirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, ikafungua makazi ya Mantapala. Makazi hayo hayakukusudiwa kuwa kambi ya kungojea chakula. Ilikusudiwa familia zipate viwanja na ardhi ya kulima, na shule na matibabu yawahudumie wageni na wenyeji kwa pamoja.

Huenda askari akauliza: cherehani na randa vyamhusu nini mtu aliyekabidhiwa bunduki na mpaka? Vyamhusu sana. Mtu wa kwanza kuonana na mkimbizi si mwalimu wala mfanyabiashara, bali ni askari aliye zamu. Tena askari wa Tanzania wanaijua Kongo ya mashariki kwa macho yao, kwani mwaka 2013 walikwenda huko pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa jukumu la kuyakabili makundi yenye silaha. Waliotumikia huko wanafahamu kwamba kijana mwenye njaa na asiye na kazi ndiye wa kwanza kushawishiwa na kiongozi wa wanamgambo. Kijana mwenye msumeno wake na wateja wanaomngojea ni mgumu kushawishika.

Ili jambo la Mantapala lieleweke, yafaa kwanza kutazama historia ya maji yale. Hapo zamani Ziwa Mweru na Mto Luapula havikuwa mpaka, vilikuwa njia. Ng'ambo ya mashariki ulikuwapo ufalme wa Kazembe wa Walunda, na ng'ambo ya magharibi ilikuwapo nchi ya shaba. Mafundi wa Katanga waliyeyusha mawe ya shaba katika tanuri za udongo, wakaimimina katika kalibu ikawa vipande vyenye umbo la msalaba, na vipande hivyo vikatembea mbali katika biashara. Wengine walivuta nyaya nyembamba za kufanyia bangili. Shaba hiyo ndiyo iliyowavuta wafanyabiashara wa Kisumbwa kutoka magharibi ya Unyamwezi, na mmoja wa wana wao, Msiri, akajenga himaya yake Bunkeya katika karne ya 19. Misafara ya Waswahili na Waarabu nayo ilifika. Livingstone alipoliona Ziwa Mweru mwezi wa Novemba 1867, aliwakuta watu hao wakiishi kwa Kazembe.

Biashara ile haikuwa safi, kwani pamoja na shaba na pembe za ndovu waliuzwa binadamu. Lakini kwa upande wa ufundi yapo mafunzo. Mhunzi wa Katanga alifanikiwa kwa sababu njia ilikuwa wazi na mnunuzi alifika mlangoni. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa na ofisa wa msafara uliotumwa kuitwaa Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na himaya yake ikavunjika. Mwaka 1894 Waingereza na Leopold wakapatana juu ya mpaka ulioyafuata maji ya Luapula na Mweru. Ndugu waliokuwa wakitembeleana kwa mtumbwi wakawa watu wa serikali mbili, bila ya wao kuulizwa.

Wakati wa ukoloni yakaja mafunzo ya pili. Migodi ya Katanga ilihitaji chakula, na wafanyabiashara wa Kigiriki waliokaa Kasenga, upande wa Kongo, wakawa wanapeleka samaki wa Luapula na Mweru hadi Elisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi. Fedha ya migodi ikafika hata kwa mvuvi wa kijijini, na kazi ya vyombo na nyavu ikapata soko. Lakini samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa nguzo ya biashara hiyo, alivuliwa kupita kiasi hata akaadimika. Aliyetegemea samaki mmoja na mnunuzi mmoja akajikuta mikono mitupu. Fundi naye, akitegemea mteja mmoja, huanguka siku mteja huyo anapoanguka.

Kisha ikaja vita ya Kongo ya mwaka 1998. Wakongo wengi walikimbilia mikoa hii hii ya kaskazini ya Zambia, wakawekwa katika kambi za Kala, wilaya ya Kawambwa, na Mwange, wilaya ya Mporokoso. Kuanzia mwaka 2007 walianza kurudishwa makwao kwa utaratibu, na mwaka 2010 kambi hizo zikafungwa. Miaka saba baadaye watu wakavuka tena. Mtu aliyepoteza nyumba mara mbili anajua ni mali gani isiyobaki nyuma: nyumba huchomwa, mbuzi huchukuliwa, lakini ustadi wa mkono husafiri na mwenyewe.

Hata hivyo, ustadi peke yake si biashara. Karakana ndogo husimama juu ya mambo manne: vifaa, mteja, hesabu na kibali.

Vifaa vya kuanzia si vingi. Seremala akiwa na msumeno, randa, patasi, nyundo na kipimo, anaweza kuchonga mipini ya majembe, vigoda na milango. Fundi baiskeli huanza na spana, pampu, gundi na vipande vya mpira. Mshonaji mwenye cherehani ya miguu haanzi kwa kushona suti. Huanza kwa kutia viraka, kubadili zipu na kupunguza nguo za mitumba, kwa kuwa kazi hizo hazihitaji mtaji wa kitambaa. Mteja huja na nguo yake. Akiba ya viraka ndiyo hununua gora la kwanza. Na asiyeweza kununua kifaa peke yake hujiunga na wenzake katika kikundi cha kuweka na kukopa, wakanunuliana kwa zamu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mteja wa kwanza ni mkimbizi mwenzake, lakini mteja huyo naye ni maskini. Kwa hiyo fundi wa Mantapala hana budi kuwatazama wenyeji wa vijiji vya jirani na watu wa ufuko wa Mweru. Hapo ana bahati, maana Kibemba husikika pande zote mbili za maji, na wengi wa wakimbizi hukijua pamoja na Kiswahili chao. Lakini lazima aijue kalenda ya ziwa. Kila mwaka, tangu mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi husimamishwa katika Mweru na Luapula ili samaki wazae. Miezi hiyo mitatu fedha huwa chache ufukoni. Fundi asiyejiandaa hulaumu bahati yake. Fundi mwerevu huweka akiba kabla ya Desemba, na hutambua kwamba huo ndio wakati mashua za mbao zimelala nchi kavu, zikingoja kuzibwa na kubadilishwa mbao zilizooza.

Hesabu ndiyo inayowaangusha wengi, wakimbizi na wasio wakimbizi. Seremala hupiga bei ya mbao na misumari, akasahau siku mbili alizofanya kazi, msumeno unaolika na nauli ya kufuata mbao. Akiuza kwa bei hiyo, kila mlango anaouza humrudisha nyuma. Daftari na kalamu, vikitumiwa kila jioni, ni vifaa vya kazi sawa na nyundo. Askari anayekaribia kustaafu na kutazamia kiinua mgongo chake ayatie akilini maneno haya, kwani karakana nyingi zilizofunguliwa kwa kiinua mgongo zimekufa kwa kukosa daftari.

Jambo la nne ni kibali, na hapa ndipo penye uzito. Zambia ni nchi yenye sifa ya kuwapokea wakimbizi: Mayukwayukwa ilifunguliwa mwaka 1966 na Meheba mwaka 1971, kwa ajili ya Waangola. Lakini ilipojiunga na Mkataba wa Geneva mwaka 1969, Zambia iliweka masharti juu ya haki ya mkimbizi kufanya kazi na haki yake ya kutembea. Sheria mpya ya Wakimbizi ilipotungwa mwaka 2017, kibali cha kazi au cha biashara kiliendelea kuhitajiwa. Hivyo seremala wa Mantapala anaweza kuwa na randa, mteja na daftari, na bado akakwama katika kizuizi cha barabarani akifuata misumari Nchelenge, kwa kukosa karatasi ya kumruhusu kutoka.

Serikali ina sababu zake, na si sababu za kupuuzwa. Ni wajibu kujua nani ameingia nchini, kumtenga mpiganaji na raia, na kumlinda fundi mwenyeji asiione riziki yake inaondoka. Lakini masharti yanapokuwa magumu mno, fundi haachi kazi. Huifanya kwa kujificha. Fundi wa mafichoni halipi ushuru, hawezi kushtaki anapodhulumiwa, na hulazimika kumpa kitu kila anayemtisha. Hapo usalama haukuongezeka. Umepungua.

Tanzania imepata kulipima jambo hili. Warundi waliopewa ardhi Katumba, Ulyankulu na Mishamo katika miaka ya 1970 waligeuza mapori kuwa mashamba, na mwaka 2014 ilitangazwa kwamba zaidi ya 160,000 kati yao wamekuwa raia. Walianza na jembe, na nyuma ya jembe wakafuata washonaji, waashi na mafundi baiskeli.

Basi wajibu wa askari wa mpakani na wa kizuizini ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutimiza. Akague mizigo kwa makini, kwa kuwa bunduki yaweza kufichwa chini ya mbao. Akiona ni mbao tu, na karatasi ni halali, ampishe mwenye mzigo bila kumdai kitu. Shilingi moja inayotozwa kwa hila barabarani huongezwa juu ya bei ya mlango, na mlango usionunuliwa humrudisha fundi kwenye foleni ya chakula.

Na fundi naye ana wajibu wake. Afuate sheria ya nchi iliyompokea, na akipata kazi ya kutosha, amchukue kijana mwenyeji awe mwanafunzi wake. Siku ya kurudi kwao ikifika, fundi atavuka maji na mkoba wake wa vifaa. Kijana wa Nchelenge atabaki na ufundi aliofundishwa, na hiyo ndiyo itakuwa shukrani ya mgeni kwa wenyeji wake.