Laini

Mwaka 2022, serikali iliposema tusajili laini za simu upya la sivyo zizimwe, nilimpeleka kukhu dukani hapa Bungoma mjini. Kijana wa duka akamuuliza, "Kukhu, hii laini ni yako?"

Kukhu akacheka. "Laini haijawahi kuwa yangu. Mimi nilizaliwa laini, huko Kitale."

Kijana akanitazama. Hakushika. Hata mimi ilinichukua miaka kushika.

Kwetu sisi laini ni kadi ya simu. Ni foleni pia: benki ikijaa, unaambiwa upige laini. Kwa wazee wengine ni reli, ile iliyofika Kitale mwaka 1926. Polisi wanaishi laini. Nairobi, ukienda Kibera, kuna mtaa mzima unaitwa Laini Saba. Neno ni moja la Kiingereza, lenye maana ya mstari.

Laini ya kukhu ilikuwa safu ya nyumba za vibarua kwenye shamba la mzungu. Neno lilitoka jeshini, ambako Waingereza waliita hivyo safu za makazi ya askari. Na jeshi halikuwa mbali na hadithi hii. Kwa mpango wa 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi wake wa zamani mashamba, mengine huku Trans Nzoia, kwenye ardhi ambayo Wasabaot na Wabukusu walichungia ng'ombe. Mahindi yakahitaji mikono, na Wabukusu wengi wakatoka upande wa Bungoma kwenda kuyalima. Sheria ya 1918 ilimtaka mwenye kuishi na kulima kwenye shamba la mzungu amfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kazi ikiisha, na makao yameisha. Kiswahili kina laini nyingine, ile ya kitu kisicho kigumu. Kukhu anasema hiyo hawakuiona.

Uhuru ulipokuja, mashamba mengine yakakatwa kuwa skimu, mengine yakanunuliwa na makampuni ya wananchi. Aliyekuwa na pesa ya hisa akapata ekari zake. Baba yake kukhu alikuwa na jembe tu. Akabaki laini, mwajiri akabadilika.

Mwaka 1988 nchi nzima ikapigishwa laini. Kwenye mchujo wa KANU hakukuwa na kura ya siri. Ulisimama nyuma ya mgombea wako, chifu akikuona, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akapita bila kupingwa. Kukhu anasema alijua kusimama pale anapoambiwa. Alikuwa amefunzwa tangu utotoni.

Dukani, kijana alipiga kitambulisho picha, akabonyezabonyeza, akasema tayari. Ilichukua dakika tano. Kati ya laini zote alizopitia kukhu, ni hiyo tu iliyoandikwa jina lake.