Jino Halina Kosa

Kuna uchungu ambao ukimweleza mtu, anadhani unaongeza chumvi. Unapiga mswaki, upepo unakugusa shavuni, au unatabasamu tu, na upande mmoja wa uso unapigwa kama na stima. Sekunde chache, kimya, halafu tena.

Mfaransa Nicolas André aliuelezea mwaka 1756 na kuuita tic douloureux. Lakini kupata jina si kupata dawa. Kwa kuwa uchungu wenyewe hukaa tayani, wagonjwa wengi walikimbilia kwa daktari wa meno. Jino la kwanza linang'olewa, la pili, la tatu, na ile stima iko pale pale. Hata leo bado inatokea.

Kufikia mwanzo wa karne ya 20, wapasuaji walikuwa na jibu moja: kata neva. Trijemina, neva ya tano ya kichwa, ndiyo hupeleka hisia za uso kwa ubongo. Ukiikata, uchungu unaisha, lakini uso nao unakufa ganzi.

Walter Dandy wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alikuwa akiifikia neva hiyo kwa kupitia nyuma ya kichwa. Alienda kukata, lakini pia aliangalia. Mwaka 1934 aliripoti wagonjwa 215, na kwa baadhi yao aliona mshipa wa damu umeegemea neva karibu na shina la ubongo. Akasema huenda hicho ndicho chanzo. Wenzake hawakushtuka sana. Enyewe, ni ngumu kumwamini mtu anayesema ameona kitu ndani ya shimo lenye giza, tena bila hadubini.

Hadubini ilifika miaka ya 1960. Peter Jannetta, daktari kijana aliyekuwa akisomea upasuaji UCLA, aliichambua neva hiyo ili kuwafundisha, hebu fikiria, wanafunzi wa udaktari wa meno. Akiwa na hadubini kwenye upasuaji, aliona mshipa ukidunda juu ya neva, kila pigo la moyo likiigonga. Mbona basi ukate neva, wakati mwenye makosa ni mshipa? Usogeze kando, uweke kijipande cha kitu laini katikati. Baadaye Teflon, ile ile ya sufuria, ikawa mto wa kawaida.

Alichapisha matokeo mwaka 1967, na kwa miaka mingi wakubwa wa fani walimpinga. Ati mishipa hugusa neva hata kwa watu wasio na shida yoyote. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ni kweli hutokea. Jannetta, akiwa Pittsburgh, alijibu kwa kuhesabu. Mwaka 1996 yeye na wenzake waliripoti wagonjwa 1,185. Miaka 10 baada ya upasuaji, asilimia 70 walikuwa na matokeo bora kabisa. Wawili walifariki muda mfupi baada ya upasuaji, na wengine wachache walipoteza kusikia kwa sikio moja.

Sasa kuna endoskopi. Hadubini hukaa nje na kutazama moja kwa moja, kama mtu anayechungulia mlangoni. Endoskopi ni kamera nyembamba inayoingia ndani ya chumba na kugeuza jicho kwenye kona. Mshipa uliojificha nyuma ya neva unaonekana bila kuusukuma ubongo sana. Mwanzoni ilikuwa msaidizi tu wa hadubini. Mwaka 2002 madaktari wa Los Angeles waliripoti kufanya kazi yote kwa endoskopi pekee. Ina kasoro zake: picha huwa bapa, na shina la kifaa linaweza kuumiza kilicho nyuma ya lenzi. Ndiyo maana hadubini haijastaafu.

Vidonge bado ndivyo hutangulia, hasa kabamazepini, iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1962. Kisu ni cha wale ambao vidonge vimewashinda. Lakini tangu Dandy, kila hatua imetegemea mtu aliyekubali kuangalia tena mahali ambapo wengine walishasema hakuna kitu. Kwa hivyo ukijua mtu ambaye shavu linampiga stima, na jino la kwanza lilitoka bila kumsaidia, mwambie aulizie neva kabla ya kutoa la pili.