Breki za Haidroliki: Historia ya Chombo na Tatizo la Jina

Makala haya yanakusudia kueleza asili ya breki za haidroliki zifungwazo katika magari madogo ya mizigo, na kupima kama majina tuyatumiayo yanasema kweli. Suala hili si la wanaisimu peke yao, kwani istilahi yenye hitilafu katika gereji inaweza kuangamiza roho za watu.

Msingi wa breki hizi ni kanuni ya Blaise Pascal wa Ufaransa (1623–1662): kanieneo ikiongezwa katika kiowevu kilichofungiwa, huenea sawasawa pande zote. Mwaka 1795 Joseph Bramah wa Uingereza aliitumia kanuni hiyo katika mtambo wake wa kugandamizia. Mwaka 1917 Malcolm Loughead alipata hataza ya breki za namna hiyo nchini Marekani, na mwaka 1921 gari la Duesenberg Model A likatoka likiwa nazo katika magurudumu yote manne. Kampuni ya Ford, iliyokuwa bado ikitumia breki za fimbo na nyaya, ilizikubali mwaka 1939.

Dereva akanyagapo pedali, pistoni ya silinda kuu husukuma kiowevu kupitia mabomba membamba hadi silinda za magurudumu. Ikiwa pistoni ya kwanza ina eneo la sentimita 3 za mraba, na ile ya gurudumu sentimita 6, nguvu huongezeka maradufu. Aghalabu, magurudumu ya mbele hubanwa kwa pedi na diski, na ya nyuma kwa viatu vinavyotanuka ndani ya ngoma.

Sasa tuyatazame majina. Mafundi wetu wamefanya vyema kuziita breki za malori makubwa "breki za upepo", kwa kuwa hewa ndiyo izisukumayo. Neno "haidroliki" lina asili ya Kigiriki, lugha ambamo *hydor* ni maji. Lakini maji ni adui wa breki hizi: yakiingia, huchemka kwa joto la msuguano na kuwa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama bila gari kusimama. Kwa hiyo "breki za maji" ingekuwa tafsiri potofu, na mkopo "haidroliki" unafaa.

Tatizo kubwa limo katika "mafuta ya breki". Hapo kale jina hilo lilikuwa na ukweli, kwani viowevu vya mwanzo vilichanganywa na mafuta ya mbarika. Siku hizi vingi hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glaikoli, ambazo si mafuta ya petroli. Mtu anayedhani kwamba mafuta ni mafuta, akatia oili ya injini, huziharibu mpira za pistoni: huvimba, hulainika, na hatimaye breki hushindwa kufanya kazi.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza "kiowevu cha breki" litumike katika vitabu, vyuo vya ufundi na maandishi ya makopo. Hatutegemei kwamba fundi ataliacha jina alilolizoea kwa siku moja. Lakini mwanafunzi akifundishwa tangu mwanzo kwamba kopo lile halina mafuta, jina lenyewe litamkanya kabla mkono wake haujakosea.