Mwezi Mwandamo katika Maonyesho ya Elimu ya Mwezi

Wanafalaki huuita mwezi wa sinodi ule muda unaopita tangu mwezi na jua kukutana upande mmoja wa mbingu hata kukutana tena, nao kwa wastani ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Neno sinodi asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni mkutano. Anayeandika maelezo ya makumbusho kwa Kiswahili hana haja ya kuliazima, kwani lugha yetu inayo istilahi timamu, nayo ni mwezi mwandamo.

Kuandama ni kufuata, na watu wa pwani husema mwezi umeandama pindi hilali inapoonekana magharibi baada ya jua kuchwa. Ukipimwa kwa nyota, mwezi huizunguka dunia kwa siku 27, saa 7 na dakika 43. Lakini kwa kuwa katika muda huo dunia nayo imesogea katika njia yake ya kulizunguka jua, mwezi, ukiisha kurudi penye nyota ile ile, hulazimika kuliandama jua siku mbili na ushei kabla ya kulifikia. Hivyo neno la Kiyunani lataja mkutano tu, ilhali la Kiswahili lataja na mwendo unaouleta. Ule muda mfupi, basi, na uitwe mwezi wa nyota.

Mahali panapostahiki kuonyeshwa istilahi hizi mbili kwa pamoja ni Isiolo, nchini Kenya. Waislamu wa mji huo huitafuta hilali ya Ramadhani kama wafanyavyo wenzao wa Lamu na Mombasa. Na Waborana, ambao ni wengi katika kaunti hiyo, wana urithi wa hesabu iliyoelezwa na mwanachuoni Asmarom Legesse katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya Gada, yaani mfumo wao wa marika na utawala. Katika hesabu hiyo, wajuzi waitwao ayyaantu hutazama mwezi ukiwa sambamba na nyota maalumu, wakapata miezi 12 iandamayo, yaani siku 354, na majina ya siku 27, idadi inayokaribiana mno na mwezi wa nyota.

Sanaa nayo yahitaji istilahi ya mwezi mwandamo. Msanii Mwingereza Luke Jerram ametengeneza tufe la mwezi lenye kipenyo cha mita 7, lililopambwa kwa picha za NASA, ambamo kila sentimita moja ni kilomita 5 za mwezi wenyewe. Ni kazi adhimu. Lakini kwa kuwa nuru yake hutoka ndani, mwezi wake ni mpevu daima, wala hauandami. Tufe la namna hiyo likitundikwa Isiolo, na liwekwe jingine kando yake, lenye kumulikwa ubavuni, ili mtoto aone hilali ikizaliwa. Na hilali hiyo ichorwe imelala chali kama dau, kwa kuwa ndivyo aghalabu inavyoonekana karibu na ikweta, wala isinakiliwe ile iliyosimama wima katika vitabu vya Ulaya.

Maelezo ya chini yaandikwe kwa Kiswahili na Kiborana, na majina ya ayyaantu waliohifadhi elimu hiyo yatangulizwe, maana wao ni walimu wa falaki.